Siku Tatu Nilizokuwa Mtoto wa Nyumba ya Bati

Niliomba mwenyewe. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema kwamba nilitumwa, kwamba jirani yetu alihitaji msichana wa kumsaidia kuchota maji, kwamba mama ndiye aliyenifungia shuka na kunionyesha njia. Si kweli. Nikiwa na miaka kumi na miwili, mwenye akili timamu na uso niliotoka kuunawa, nilikwenda kwa mke wa jirani, nikapiga magoti na kumwomba nihamie kwake niwe mtoto wake.

Mama yangu alikuwa hai. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa akinitesa. Alikuwa umbali wa mashamba mawili, anachambua pamba. Ndiyo maana niling'ang'ania uongo wangu hata nilipokuwa chuo kikuu, ambako nilijifunza kuandika kurasa ishirini juu ya tabia za jamii bila kugusa hata kidogo tabia zangu. Mtoto akiiba sukari anachapwa na mambo yanaisha. Mtoto aliyekwenda kutafuta mama mwingine kwa sababu ya chupa ya chai, sikujua anafanywa nini. Kuchekwa ningeweza kuvumilia. Nilichoshindwa kukivumilia ni swali moja tu: je, mama alijua? Na kama alijua, aliumia?

Kijiji chetu kiko upande wa Ngulyati, karibu na Bariadi mjini kwa mwenye baiskeli na mbali kwa mwenye miguu tu. Siku hizo mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa, tulihesabiwa Shinyanga. Baba yangu alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, maana yake yeye ndiye aliyepima pamba ya kijiji kizima na kuiandika. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni mwa shati, na watu walimwamkia kwa heshima, hasa msimu wa kuuza ulipokaribia.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, na mizani ya baba ikaanza kukaa bure. Wakulima walipita mbele ya ofisi yake na mikokoteni iliyojaa, wakamwamkia vizuri sana, wakaendelea na safari. Walikuwa wanakwenda kwa jirani yetu, ambaye alikuwa amechaguliwa kuwa wakala wa kampuni moja ya mjini. Baba hakuwahi kusema neno baya juu yake. Alizidisha tu kunoa penseli.

Jirani alijenga nyumba ya bati. Ilikuwa na sakafu ya saruji, madirisha ya kioo na mapazia yenye maua makubwa ambayo sijapata kuyaona shambani popote. Ndani kulikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, redio ya kaseti yenye spika mbili, na juu ya meza, chupa ya chai. Chupa yenyewe ilikuwa nyekundu, na ubavuni ilichorwa tausi.

Naona vijana wa leo hawataelewa. Kwetu chai ilikuwa jambo la haraka: sufuria juu ya mafiga, moshi machoni, kila mtu na kikombe chake, aliyechelewa amekosa. Kwao chai ilikaa mezani ikisubiri watu. Niliwaza hivi: watu ambao chai inawasubiri wao, badala ya wao kuisubiri chai, hao wamefika.

Walikuwa na binti wa rika langu, tuliyekaa naye dawati moja. Alivaa viatu vya mtumba vyenye kisigino kidogo, vikigonga sakafu ya darasa kiasi kwamba hata mwalimu aligeuka. Ilipofika msimu wa kununua pamba, kuanzia mwezi wa sita, nyumba yao ilifungwa. Mapazia yalishushwa mchana kutwa, na mgeni alipokelewa nje, chini ya ukingo wa bati, akapewa kigoda. Kijiji kikasema wamekuwa watu wa mjini, hawataki tuwakanyagie saruji. Mimi nilisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote.

Na bado kila jioni, jua likiwa linazama, yule binti alikuwa anakuja kwetu. Anaingia jikoni bila hodi, na pakiti ya biskuti mkononi, anakaa karibu kabisa na mafiga, ananyoosha mikono kwenye moto. Anakula ugali wetu na mlenda wetu. Halafu anatoa daftari lake na kufanya hesabu kwenye mwanga wa koroboi yetu.

"Sogea mpishe mwenzako," mama alikuwa akiniambia.

"Si kwao kuna taa ya chemli?"

"Nimesema sogea."

Nilisogea, nikiwa na hakika kabisa kwamba yule msichana alikuja kutuonyesha viatu na biskuti, na kunakili hesabu zangu. Hilo la hesabu lilikuwa kweli. Lakini hata siku moja sikujiuliza kwa nini mtu mwenye makochi aje kukaa kwenye gunia lililokunjwa, machozi yakimtoka kwa moshi, na asiondoke mpaka ahimizwe.

Siku niliyoamua ilikuwa ya likizo. Asubuhi hiyo mama alikuwa amenigombeza kwa kuchanganya pamba nyeupe na fifi, ile pamba yenye madoa ambayo lazima itengwe pembeni. Nililazimika kurudia lundo zima. Nikiwa nakwanyua vijiti na majani makavu, nilitazama bati la jirani likimetameta, nikafanya hesabu zangu za maisha. Kwao pamba inafika imeshachambuliwa na watoto wa watu wengine. Hata hilo tu lilitosha kumhamisha mtu.

Nilimkuta mama wa nyumba ya bati nyuma ya nyumba, anafua. Nikapiga magoti, nikamwamkia Kisukuma kama anavyoamkiwa mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone. Mwanangu, umetumwa?"

"Hapana. Nimekuja kuomba."

"Chumvi?"

"Naomba niwe mtoto wako."

Aliacha kufua. Povu lilimtiririka mpaka kwenye viwiko.

"Mama yako amekupiga?"

"Hapana."

"Amekunyima chakula?"

"Hapana."

"Sasa shida yako nini?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu juu ya utii wangu na uwezo wangu wa kuchota maji, lakini ilinitoka yote. Nikasema ukweli: "Nimeipenda chupa ya chai."

Alinitazama kwa muda. Nilidhani ananipima kama nafaa. Sasa najua alikuwa anajitahidi asicheke. "Haya," akasema. "Njoo jioni na shuka lako. Ila kwetu wakati huu kuna utaratibu wake, usije ukasema hukuambiwa."

Nikarudi nyumbani nikamwambia mama kwamba jirani amenihitaji nikamsaidie kazi. Mama alikuwa ameinama kwenye pamba. Hakuinua kichwa. "Haya, nenda," akasema. Wepesi wa ruhusa hiyo ulinishangaza hata nikajisikia nimedharauliwa kidogo. Nilitegemea angalau aulize nitarudi lini.

Utaratibu niliuona nilipovuka mlango. Nyumba ilikuwa imejaa pamba. Kampuni haikuwa na ghala kijijini, na gari lililoahidiwa kuja kila wiki lilikuwa linakuja lilipojisikia. Pamba iliyonunuliwa ililazwa ndani, kwanza chumba cha binti, kisha cha watoto wadogo, kisha sebule. Ilifika kwenye dari. Makochi yalikuwa yamebebana pembeni kama mbuzi kwenye mvua, vitambaa vya kufuma vimegeuka rangi ya vumbi. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya kupitisha mtu mmoja, kwa ubavu. Meza ndogo ilisalia mlangoni, na juu yake chupa ya tausi.

Na palipo na pamba, moto haukaribishwi. Baba mwenye nyumba alikuwa na hofu moja tu maishani: cheche. Mwezi wa saba kwetu upepo hauna adabu, na pamba ile haikuwa yake, ilikuwa ya kampuni. Ikiungua, imeungua na nyumba na yeye mwenyewe. Kwa hiyo mkewe alipika mara moja kwa siku, alfajiri kabla upepo haujaamka, mbali kule nyuma ya zizi. Akimaliza, mume alimwagia jivu ndoo nzima ya maji, akalikoroga kwa mti, akaligusa kwa kiganja. Baada ya hapo hakuna moto, hakuna taa, hakuna kiberiti mpaka kesho. Chai iliingia kwenye chupa alfajiri ili ifike jioni ikiwa na joto kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya chai iliyokuwa ikisubiri watu.

Jioni ya kwanza nilimiminiwa kikombe. Ilikuwa vuguvugu, na ina harufu ya kizibo. Ugali ulikuwa umekaa tangu alfajiri, umekuwa mgumu, ukakatwa kwa kisu. Nilikula nikitabasamu. Kuna watu wanaweza kula ugali uliopoa bila kulalamika kwa sababu ya ujasiri; mimi nilikula kwa sababu nilikuwa nimeuomba.

Yule binti alinikuta hapo mlangoni, anajitanda khanga ya kutoka.

"Karibu kwetu," akasema. "Mimi naenda kwenu."

"Kufanya nini?"

"Kula. Mama yako alikuwa anaosha dagaa mchana."

Alirudi baadaye kidogo, ananuka moshi mzuri wa jikoni kwetu. Baba yake alimsimamisha uani, akamnusa nywele, akamkagua pindo la gauni kwa tochi, kisha akamwamuru abadilishe nguo hapohapo nje kabla ya kuingia. Inaonekana ndivyo walivyofanya kila siku. Alipolala ubavuni kwangu juu ya pamba alianza kunisimulia.

"Dagaa walikaangwa na nyanya."

"Sijakuuliza."

"Ugali ulikuwa wa moto mpaka nikaupuliza. Mama yako akaniongezea. Akasema fungu lako lipo, halina mtu."

"Lala bwana."

"Nimelala. Nakwambia tu."

Nilikuwa nimeota miaka miwili kulala juu ya pamba. Nilidhani ni kama mawingu. Pamba mbichi ina mbegu ngumu kama kokoto, ina vumbi linalokaa kooni, ina joto la mgonjwa wa malaria, na ina wale wadudu wekundu wadogo ambao hawajui tofauti ya pamba na shingo ya mtu. Mama wa nyumba alikohoa mpaka nikaanza kuhesabu. Mumewe hakulala. Nilimsikia akizunguka nyumba, anasimama, ananusa upepo, anazunguka tena. Mchana nilikuwa nikimwona mtu tajiri. Pale nilimwona mtu anayelinda nyumba yake mwenyewe isimuue.

Siku ya pili alikuja mzee mmoja na mkokoteni, na kiko mdomoni. Jirani yetu, mtu mzima mwenye heshima zake, alimkimbilia akiwa bado mbali, amebeba ndoo ya maji mikono miwili. Mzee akadhani anakaribishwa kunywa, akamshukuru sana, wabeja, wabeja, mpaka alipoona kiko chake kinatumbukizwa. Tulicheka kwa siri mimi na binti mpaka tukashikwa na kikohozi cha vumbi. Ndiyo mara ya kwanza nilicheka naye bila kutazama viatu vyake.

"Msimu wote mnaishi hivi?" nikamuuliza.

"Mpaka gari lije. Likija tunapika mchana siku mbili, halafu inajaa tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe kila nikija unaficha daftari."

Siku ya tatu jioni, ugali ulipokatwa, nikaanza kulia bila mpangilio. Nikasema nimekumbuka mbuzi wetu ana kidonda mguuni na bila mimi hafungwi dawa. Mbuzi hakuwa na kidonda. Mama wa nyumba ya bati akanikunjia shuka taratibu. Kisha akaniambia kitu ambacho kilinifunga mdomo kwa miaka.

"Ng'wanone, huko nje usiseme tunakula chakula kilichopoa. Watu wanatuona tuna nafasi. Wakijua hali yetu, watacheka, na wengine watasema pamba wampelekee mwingine."

Nilikimbia mashamba yote mawili. Mama alikuwa jikoni. Hakuuliza kwa nini nimerudi. Alinipakulia ugali, nikaumega kabla haujatulia nikaungua vidole na ulimi, nikaendelea.

"Wanakulaje kwa jirani?" akauliza.

"Vizuri sana," nikasema, mdomo umejaa. "Kila saa wanakunywa chai."

Basi nikawa na siri mbili, yao na yangu, na nikagundua kwamba zinalindana. Shuleni niliwasimulia wenzangu makochi, redio, chupa yenye tausi, kitanda laini kisicho na mfano. Sikusema uongo mkubwa. Niliacha tu pamba. Nikikumbuka nyuso zao nadhani hakuna mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko mimi ya kukifanya kijiji kile kiionee wivu nyumba ya bati. Wasichana wawili walikwenda kuomba kazi za ndani pale. Walikubaliwa, wakadumu siku nne kila mmoja, wakatoka wakisimulia kama mimi. Hapo nikaanza kushuku kwamba watu wengi wanaojua habari za nyumba za wengine wanazijua kwa njia hiyo.

Mwaka uliofuata wakanunua mashine ya kusaga, wakaacha uwakala, na moto ukarudi jikoni kwao mchana. Binti na mimi tulikwenda sekondari. Leo ana mgahawa Bariadi mjini, na hakuna chakula anachokitoa kabla hajaigusa sahani kwa chini kuhakikisha ni cha moto. Mimi nilisoma, nikapata shahada, nikapata kazi Dar es Salaam, nikaanza kuwaonea wivu watu wenye magari. Elimu inasaidia, lakini si kwa kila kitu.

Nilipopata mchumba, wazee wa pande mbili wakapanga siku ya kuzungumza mahari nyumbani. Mimi nilibaki Dar kazini. Mambo ya ng'ombe hayamhitaji anayeolewa. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kufika kwetu, ila mtandao ulikuwa unachagua pa kukaa, na kwa mama ulikaa juu ya kichuguu nyuma ya zizi. Alinipigia mchana nikiwa ofisini. Alipiga kelele, kama wote walivyofanya wakati ule, ili sauti ifike.

"Ng'wanone! Kuna mtu ametuharibia kikao!"

"Nani, mama?"

"Jirani yako, mama wa nyumba ya bati. Wazee wamekaa, wameanza kutaja ng'ombe, yeye akaingia na kigoda chake akakaa katikati. Akasema, 'Na ng'ombe wangu yuko wapi?' Wakamuuliza ng'ombe wa nini. Akasema, 'Huyo binti alikuwa wangu. Alikuja kwa miguu yake, akapiga magoti, akaniomba niwe mama yake. Nimemlea.'"

Nilitoka ofisini nikasimama kwenye ngazi. Wazee wa ukoo wangu na wa mume wangu mtarajiwa, wote, wameshasikia. Lakini hao nilikuwa tayari nimewasahau.

"Wakasemaje?" nikauliza.

"Walicheka mpaka babu yako akaomba maji. Mjomba wako akamuuliza alikulea muda gani. Akasema siku tatu. Akaambiwa achague, kuku au mikono mitupu. Amechukua kuku."

"Mama," nikasema. "Wewe ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba niliomba mwenyewe."

"Siku ileile. Wewe umeondoka kwake, yeye akakutangulia kwangu kwa njia ya nyuma, mikono ina povu, ananong'ona kama ameleta habari za msiba. 'Mtoto wako ameniomba hivi, nifanyeje?' Nikamwambia mchukue. Kwako hakuna moto, hatamaliza wiki."

"Ulijua hawawashi moto?"

"Binti yao alikuwa anakula kwangu kila jioni. Wewe ulidhani anafuata sura yako?" Akacheka, kisha akashusha sauti, jambo ambalo kwenye kichuguu kile halikuwa salama. "Na mimi nilikuwa nalitamani lile bati. Mvua ikinyesha nilikwenda kuomba kiberiti, nacho ninacho, nikae tu nisikilize linavyolia. Mwenye nyumba yeye ananiambia anachukia kelele, hamsikii hata mtoto akilia."

Kulikuwa na upepo kwenye simu na ng'ombe analia nyuma yake.

"Uliumia?"

Nilimsikia akiihamishia simu sikio la pili.

"Niliumia, ndiyo," akasema. "Siku ya kwanza nililia kidogo. Baba yako akauliza, nikamwambia vumbi la pamba. Siku ya pili hasira zilinishika, nikala fungu lako la dagaa. Siku ya tatu nikakuona unakuja mbio, shuka linaburuzwa kwenye majani, nikajua hutakwenda tena. Nikaona nisiseme kitu, usije ukaona aibu ukageuza."

Nilikaa chini kwenye ngazi, simu ikiwa sikioni.

"Upo?" akauliza.

"Nipo, mama."

"Basi mwambie mwenzako wazee wake wameondoka salama, wameshiba. Nashuka sasa, siafu wamenipanda miguuni."